Kaburi la Mkomani na uvimbe wa mbu mguuni mwako

Wewe wa Kisauni, wewe wa Likoni, na wewe wa Changamwe unayesoma hii ukingoja matatu ijae. Kabla hatujaenda mbali, hebu tazama mguu wako. Hapo juu ya kifundo, pale unapopakuna tangu jana usiku. Kuna kauvimbe, si ndio? Kanawasha, umekakuna mpaka kamechubuka, na usiku wa leo utakakuna tena.

Nina sababu ya kuuliza. Nina mpwa wangu wa miaka 5. Sisi wengine mbu akituuma tunapata kipele, tunakuna, tunasahau. Yeye huvimba. Siku moja aliamka jicho limefunga kabisa, na miguuni vipele vimegeuka malengelenge. Shuleni wakamrudisha nyumbani, eti ana ugonjwa wa ngozi, asije akaambukiza wenzake. Jirani mmoja akasema mtoto amefanyiwa kitu. Mwengine akasema ni damu tamu, ndiyo maana mbu wanampenda. Dadangu alikaa mlangoni akalia, na mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili sikuwa na la kumjibu mtu. Nikaenda kusoma.

Nilichokisoma kilinipeleka mpaka kwenye kaburi ambalo nimelipita miaka yote bila kulijali. Liko Mkomani, upande wa Nyali, mkabala na kisiwa cha Mombasa. Pale amezikwa mwanamke mmoja kutoka Ulaya na mtoto wake mchanga. Mume wake unamjua kwa jina. Ni Johann Ludwig Krapf, yule wa kitabu cha historia, mmishenari aliyefika Mombasa mwanzo mwanzo na Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya. Shuleni tuliambiwa hayo mawili, tukafanya mtihani, tukasahau. Hatukuambiwa kwamba miaka yake huku Pwani ilikuwa vita na mdudu yule yule anayekukunisha wewe, na kwamba alikufa bila kujua alikuwa akipigana na nani.

Haya, tuanze mwanzo.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa nchi ambayo leo ni Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Akiwa na miaka 11 hivi, jirani alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulifanya. Alilala mgonjwa miezi kadhaa, na kwa vile kitandani hakuna kazi, akasoma. Alipoinuka hakutaka shamba tena, alitaka shule. Mwaka 1827 akaingia chuo cha wamishenari cha Basel, Uswizi. Halafu sikiliza hii, wewe uliyeacha chuo kama mimi: naye aliondoka Basel akiwa na mashaka kama kazi ile ni yake kweli. Akaenda kusoma theolojia Tübingen, akahangaika kidogo, kisha akarudi kwenye njia ile ile kwa mlango mwengine.

Mwaka 1837 shirika la CMS la Uingereza lilimtuma Ethiopia. Alikaa katika ufalme wa Shoa mpaka 1842. Mwaka huo akamwoa Rosine Dietrich kule Misri, na wawili hao wakajaribu kurudi Ethiopia. Wakakuta njia imefungwa, hawatakiwi. Wakiwa nyikani, si mbali na Bahari ya Shamu, Rosine alijifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kike. Walimpa jina Eneba, maana yake chozi. Hakuishi.

Mtu mwengine angerudi kwao. Krapf akasema, kama Ethiopia haiingiliki kutoka kaskazini, nitazunguka na bahari nipande kutoka kusini, niwafikie Waoromo kwa njia hiyo. Mwishoni mwa 1843 akapanda jahazi kutoka Aden na mkewe. Januari 1844 wakafika Unguja. Seyyid Said, sultani aliyetawala Unguja na Pwani yetu, alimpokea vizuri na kumpa barua ya kumtambulisha kwa watu wake. Ilipofika Mei 1844, Krapf na Rosine walikuwa wakaazi wa Mombasa, na Rosine ana mimba tena.

Simama hapo kwanza. Mei. Wewe umezaliwa huku, unajua Mei Mombasa maana yake nini. Ni mvua za masika. Vidimbwi kila mahali, nyasi zimeota mpaka dirishani, na usiku ule mlio mwembamba sikioni. Ndani ya hali hiyo waliingia watu wawili ambao ngozi zao hazikuwajua mbu wa hapa.

Sasa nikueleze kinachotokea kwenye ngozi, maana ndipo hadithi yote ilipo.

Anayeuma ni mbu jike peke yake. Anataka damu ili apate kutaga mayai. Akishadunga, anatema mate kidogo ndani ya ngozi yako, na kazi ya mate hayo ni kuzuia damu isigande wakati anavuta. Mate hayo ndiyo mwili wako unayoyaona kama adui. Askari wa mwili wanakimbilia pale, wanamwaga kemikali iitwayo histamini, mishipa midogo inapanuka, maji yanavujia kwenye ngozi, na neva zinapiga kelele. Kelele hiyo ndiyo muwasho. Kwa hiyo ule uvimbe si sumu ya mbu. Ni kazi ya mwili wako mwenyewe. Ni mzio, au aleji kama tunavyosema mtaani. Karibu kila mtu anao kidogo, wengine wanao mwingi.

Na mzio huu una ngazi. Mwaka 1946 mwanasayansi Mwingereza, Kenneth Mellanby, alizipanga vizuri. Ngazi ya kwanza: mtu hajawahi kuumwa na aina ile ya mbu, basi akiumwa hapati chochote, mwili bado haumjui mgeni. Ya pili: ameumwa mara kadhaa, mwili umeshaweka kumbukumbu, na kipele kigumu kinatokea kesho yake. Ya tatu: anavimba papo hapo, dakika chache tu, halafu kesho yake kipele kinakuja tena. Hii ndiyo ngazi ya mateso. Ya nne: kile cha kesho yake kinapotea, kinabaki cha papo hapo. Ya tano: ameumwa sana kwa muda mrefu, mwili umechoka kupigana, havimbi wala hawashwi.

Ukizielewa ngazi hizo, mambo mengi ya mtaani yanajieleza yenyewe. Ndiyo maana babu anakaa barazani jioni nzima bila kujikuna. Ndiyo maana mtalii wa Bamburi baada ya siku chache anafanana na mtu mwenye surua. Na ndiyo maana mtoto mdogo huvimba kuliko mamake ingawa wanalala kitanda kimoja. Mtoto yuko kwenye ngazi za katikati. Hakuna damu tamu hapo, wala hakuna aliyemfanyia kitu.

Krapf na Rosine hawakuwa na yeyote wa kuwaeleza haya. Hata neno lenyewe la mzio halikuwepo. Daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet, ndiye aliyelibuni kwa Kijerumani mwaka 1906, miaka 62 baadaye.

Mwanzoni mwa Julai 1844 Krapf alishikwa na homa kali. Siku chache baadaye Rosine naye akashikwa. Tarehe 6 Julai, akiwa ndani ya homa hiyo hiyo, akajifungua mtoto wa kike. Tarehe 13 Julai Rosine akafariki. Krapf mwenyewe alikuwa hoi, hawezi kusimama sawasawa, na ndani ya chumba kimoja kuna maiti, mgonjwa na kichanga. Haikupita siku nyingi kichanga naye akamfuata mamake. Kwa matakwa yake Rosine, walizikwa bara, si kisiwani. Hapo Mkomani.

Sasa nataka tuhesabu pamoja. Vimelea vya malaria vikishaingia mwilini kwa mate ya mbu, havileti homa siku hiyo. Kwa kawaida vinakaa kama siku 7 mpaka 14 au zaidi kidogo, vinajificha kwenye ini, vinazaana, ndipo vinatoka kwenye damu. Kwa hiyo homa ya mwanzoni mwa Julai ilitokana na mbu wa katikati au mwishoni mwa Juni. Fikiria jioni hiyo ya Juni. Labda mama mjamzito alijikuna mkono, labda hakusikia chochote. Kesho kutwa kipele kilikauka. Wiki nzima ikapita au zaidi, ngozi safi kabisa. Halafu homa.

Ungekuwa wewe, ungeunganisha? Kipele kimeshapona, na mwili wote una alama za mbu wengine kumi. Ndiyo sababu ilichukua maelfu ya miaka watu kumkamata muuaji. Anauma leo, kesi inaanza baada ya wiki mbili. Wasomi wa Ulaya wa wakati ule walilaumu hewa mbaya inayopanda kutoka kwenye matope, na jina malaria lenyewe kwa Kiitaliano ni hewa mbaya. Tena Rosine alikuwa na mimba, na leo tunajua mimba hupunguza kinga ya mwanamke dhidi ya malaria. Ndiyo maana kliniki wanasisitiza mama mjamzito alale ndani ya neti kila usiku.

Na hapa kuna jambo ambalo naomba ulishike kuliko yote. Uvimbe na malaria ni vitu viwili tofauti. Ukubwa wa uvimbe haukuambii kama mbu yule alikuwa na vimelea. Mpwa wangu anaweza kuvimba jicho zima kwa mbu asiye na ugonjwa wowote. Na wewe unayejisifu kwamba mbu hawakupati, unaweza kuamka bila alama hata moja na umeshawekewa malaria. Ngazi ya tano inakunyamazishia muwasho tu. Mlango wa ugonjwa uko wazi kama kawaida.

Krapf aliishi mfano huo. Alibaki. Kabla msiba haujamfika alikuwa ameshaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, naye aliendelea na kazi ya lugha peke yake karibu miaka 2. Juni 1846 akapata mwenzake, Johannes Rebmann, na Agosti mwaka huo wawili hao wakaanzisha kituo Rabai, juu ya vilima. Siku waliyopanda kwenda kuanza kazi, wote wawili walikuwa na homa. Vijana wengine walitumwa kutoka Ulaya kuwasaidia, na baadhi yao homa iliwamaliza miezi michache tu baada ya kushuka jahazini. Krapf alikuwa ameshakaa na mbu wa Pwani miaka kadhaa, lakini homa haikuacha kumrudia.

Homa ikimwachilia, anatembea. Na jamaa alikuwa anatembea kweli, si mchezo. Mwaka 1848 alikwenda kwa miguu mpaka Usambara, ng'ambo ya mpaka wetu wa leo na Tanzania, kumwona Mfalme Kimweri katika mji wake wa Vuga. Alirudi kwa Kimweri tena mwaka 1852. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba, aliona vilele viwili vyeupe kwa mbali. Ndiyo siku aliyouona Mlima Kenya. Mwaka 1851 alirudi Ukambani, msafara ukashambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki porini peke yake. Alichota maji akayabeba ndani ya mtutu wa bunduki, akauziba kwa nyasi, akatembea usiku kukwepa watu na simba mpaka akatokea.

Habari za theluji zilipofika Ulaya, kuna wasomi waliocheka. Mmoja London, William Cooley, alibishana miaka na miaka kwamba haiwezekani theluji ikae karibu na ikweta. Yeye hakuwahi kukanyaga huku. Rebmann alikuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro, Krapf ameiona ya Mlima Kenya, lakini mwenye kiti London ndiye aliyesikilizwa. Iliwauma sana.

Lakini kutosikilizwa hakukuwapata wao peke yao. Miaka ya 1850 Mwingereza Richard Burton alipita nchi ya Wasomali, upande wa Zeila. Wenyeji walimwambia kuwa kuumwa na mbu kunaleta homa ya kuua. Burton aliandika habari hiyo kwenye kitabu chake cha 1856, halafu akaiita ushirikina, eti ni kwa sababu mbu na homa huja msimu mmoja. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1890, Robert Koch, daktari mkubwa wa Ujerumani, akiwa Afrika Mashariki, aliwakuta Wasambaa wa milima ile ile ya Usambara wana jina lao la homa wanayoipata wakishuka kwenda Pwani. Waliiita mbu. Mdudu ni mbu, na ugonjwa ni mbu. Kwa sababu, kwa maelezo yao, ukishuka huko chini kuna wadudu wanaokuuma, ndipo unaugua.

Nilipolisoma hilo niliweka simu chini. Krapf alifika kwa Wasambaa mara 2. Na Krapf ni mtu wa maneno. Kazi yake kubwa kuliko zote, kubwa hata kuliko ule mlima, ni maneno. Mwaka 1850 alichapisha sarufi ya Kiswahili. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, naye ni kati ya watu wa kwanza kukiandika kwa hizi herufi za Kirumi unazosoma sasa hivi. Miaka yote hiyo alikusanya kamusi, zaidi na zaidi kwa lahaja yetu ya Kimvita, neno kwa neno, kutoka kwa watu wa Mombasa na Rabai. Mbu aliwajua, homa aliijua kuliko wengi. Jibu la kifo cha mkewe lilikuwa na jina la kawaida kabisa katika lugha za watu waliomzunguka, na kizazi chake kizima cha wasomi kilikuwa kimeamua kwamba wenyeji wanaweza kukufundisha lugha lakini hawawezi kukufundisha ugonjwa.

Simfanyi malaika wala shetani. Krapf alikuja kuhubiri dini yake, na safari zake zilifungua njia ambazo baada yake zilipitiwa na watu wa bendera na bunduki. Aliyaona mambo yetu mengi kama giza. Lakini alikaa na watu, akajifunza kwa kadhi, akazika familia yake kwenye udongo huu. Ukisoma maisha yake unayaona yote mawili.

Mwaka 1853 afya ilimshinda, akaondoka. Alioa tena, akaishi Korntal, mji mdogo karibu na Stuttgart. Mwaka 1862 alirudi kuwasaidia Wamethodisti waanzishe kituo chao Ribe, lakini mwili haukukubali tena, akarudi kwao. Mwaka 1867 alikwenda kama mkalimani na jeshi la Waingereza lililoingia Ethiopia, napo maradhi yakamrudisha. Miaka ya mwisho alikaa na makaratasi yake ya kamusi.

Novemba 1880, daktari wa jeshi la Ufaransa aitwaye Laveran alikuwa Algeria akitazama damu ya mgonjwa kwa hadubini, akaona vijidudu vinacheza ndani. Vimelea vya malaria, kwa mara ya kwanza. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 26 Novemba 1881, Krapf akafariki Korntal. Kamusi yake ikachapishwa London mwaka uliofuata, zaidi ya kurasa 400. Mwaka 1897 Ronald Ross akiwa India akavikuta vimelea hivyo ndani ya tumbo la mbu. Mwaka uliofuata Wataliano wakathibitisha kwamba mbu wa jamii ya anofelesi ndiye anayempa binadamu. Wasambaa walikuwa wamesema. Wasomali walikuwa wamesema. Rosine alikuwa na zaidi ya miaka 50 kaburini.

Sasa turudi kwako na mguu wako.

Kwa uvimbe wa kawaida, osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi au barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Losheni ya kalamini inatuliza. Kama muwasho unakunyima usingizi, muulize mfamasia dawa ya mzio, kwa mfano setirizini, na kama ni mtoto mwambie umri na uzito wake, usimkatie kidonge cha mtu mzima kwa kukisia. Kata kucha za mtoto. Kukuna ndiko kunakoingiza vijidudu, na ule usaha unaouona baadaye hautoki kwa mbu, unatoka kwenye kucha. Ukiona wekundu unaenea, pana moto, panauma kuliko kuwasha, kuna usaha au homa, nenda hospitali. Na yeyote akivimba midomo au ulimi, au akipumua kwa shida baada ya kuumwa na mdudu, hasa nyuki au nyigu, hiyo ni dharura, usingoje hata dakika moja. Kwa mbu hutokea mara chache sana, lakini ni vizuri ujue.

Kipele cha mbu hakiambukizi. Ningependa kila mwalimu wa chekechea huku kwetu aisome sentensi hiyo mara mbili.

Halafu ukumbuke kwamba Mombasa yetu ina mbu zaidi ya mmoja. Anofelesi wa malaria anauma usiku. Kuna yule mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni, aedesi, anauma mchana ukiwa unaosha vyombo. Anazaa kwenye maji safi yaliyotuama, na sisi wa bara tusio na maji ya mfereji kila siku tunamfugia wenyewe kwenye mapipa na mitungi isiyofunikwa. Huyo ndiye aliyeleta dengue Mombasa mwaka 2013, ile wanayoiita Tanzania kidingapopo, na chikungunya mwishoni mwa 2017 mpaka 2018. Jina chikungunya nalo ni la kwetu Afrika Mashariki, limetoka kwa Wamakonde, maana yake kukunjamana, kwa vile viungo vinauma mpaka unapinda. Iligunduliwa kwao mwaka 1952. Ukipata homa pamoja na upele wa mwili mzima, hiyo haihusiani na mzio wa kung'atwa. Nenda ukapimwe, na usimeze dawa ya malaria kwa kubahatisha.

Mpwa wangu tulimpeleka zahanati. Daktari alimtazama dakika 5 tu, akasema ni mzio wa mbu, utapungua akikua. Akampa dawa ya kunywa na ya kupaka, akaandika barua ya shule. Dadangu aliikunja ile barua akaiweka ndani ya kanga kama hati ya shamba. Mtoto amerudi darasani, jicho limefunguka, makovu ya miguuni yanafifia polepole. Neti yake ilikuwa na tundu mbili karibu na ukuta, nimezishona mwenyewe kwa uzi mweusi, kazi mbaya lakini hapiti mdudu.

Jumapili iliyopita nilipita Mkomani nikasimama kidogo. Upepo wa bahari unavuma pale, kisiwa unakiona ng'ambo, meli zinapita. Nilikaa mpaka jua likaanza kuzama, nikasikia wa kwanza sikioni, nikampiga, nikaondoka. Nawe usikae sana nje leo. Funika mtungi wako wa maji, na ukiingia kulala shusha neti uichomeke chini ya godoro pande zote.